Je, nikate waya wa kihisi cha taa mwenyewe nyumbani?

“Habari fundi. Ninaishi Nakuru, na kila wiki huondoka alfajiri kwenda Eldoret kwa kazi, nikiendesha Toyota Fielder ya mwaka 2017 iliyotoka Japani. Swichi ya taa ina alama ya AUTO, nami huiacha hapo siku zote. Shida zangu ni mbili. Kwanza, kukiwa na ukungu mzito asubuhi kuanzia Mau Summit hadi Timboroa, taa hazijiwashi, au zilizokuwa zimewaka zinajizima huku bado sioni mbele. Pili, nikiwa mjini mchana na mvua inataka kunyesha, au nikipita chini ya miti, taa zinawaka zenyewe, madereva wananipigia taa kunijulisha, na mke wangu anasema betri itakwisha. Nimeona video ambayo jamaa anakata waya mmoja wa kihisi kilicho juu ya dashibodi, anaunganisha rezista ya kuzungushwa pamoja na swichi ndogo, kisha anaamua mwenyewe taa ziwake lini. Vifaa nimeshanunua. Nina multimita na chuma cha kulehemu. Nikate waya upi, na rezista iwe ya omu ngapi?”

Ndugu yangu, swali lako limeandikwa na mtu anayeliangalia gari lake kwa makini, na nitalijibu hivyo hivyo. Nianze na jibu lenyewe: usikate waya wowote. Sikukatazi kwa kudhani huna ujuzi. Mtu mwenye multimita na anayejua kuisoma amewapita wengi. Nakukataza kwa sababu rezista hiyo, hata ikifungwa kwa ustadi wote, haiwezi kukupa unachokitaka. Unataka mambo mawili yanayopingana, na waya huo mmoja hauwezi kuyapatanisha.

Tazama. Kule Timboroa unataka taa ziwahi kuwaka. Hapa mjini unataka zichelewe. Rezista, ikiwa itafanya kazi yoyote, itasogeza mpaka mmoja tu: kile kiwango cha mwanga ambacho kompyuta ya gari inakihesabu kuwa giza limeingia. Ukiupandisha mpaka huo, taa zitawahi kila mahali. Ukiushusha, zitachelewa kila mahali. Sasa linganisha mwanga wenyewe. Mwanga hupimwa kwa luksi, na jua kali la mchana hufika luksi 100,000 hivi. Siku ya mawingu ya kawaida inaweza kubaki na 10,000 hivi. Wingu zito la mvua likitanda juu ya Menengai linaweza kuushusha mwanga hadi elfu moja au mbili, na chini ya mti wenye majani mengi ukapungua zaidi ya hapo. Lakini ukungu wa saa mbili asubuhi, jua likiwa limeshachomoza juu yake, ni mweupe. Mwanga umejaa ndani yake na unatoka kila upande. Luksi elfu kadhaa si ajabu. Kwa hiyo barabara usiyoiona kule Timboroa inaweza kuwa na mwanga mwingi kuliko barabara unayoiona vizuri kabisa hapa mjini mvua inapokaribia. Ukiiseti rezista ikuwashie taa ndani ya ukungu ule, hapa Nakuru utashinda na taa nusu ya siku. Ukiiseti mjini pakae sawa, kule juu utabaki bila taa kuliko ulivyo sasa.

Nadhani hapa ndipo kiini cha suala lako kilipo, na madereva wengi wanakosea mahali hapa hapa. Tunafikiri kihisi kile kinajua kama tunaona au hatuoni. Hakijui. Ni kipande kidogo cha elektroniki kinachotoa mkondo mdogo wa umeme kikipigwa na mwanga: mwanga mwingi, mkondo mwingi, mwanga kidogo, mkondo kidogo. Kimewekwa juu ya dashibodi karibu na kioo, kinatazama juu, na habari pekee kinayoipeleka kwa kompyuta ni ukubwa wa mwanga unaokifikia. Umbali unaoweza kuona hakiupimi. Vumbi la lori lililo mbele yako hakilijui, na mvua ya Kericho ya alasiri hakiitambui mpaka wingu lake liwe jeusi vya kutosha. Kwa hiyo taa zako zinapozimika ndani ya ukungu asubuhi, kihisi hakijaharibika. Kumepambazuka, nacho kimesema kweli kuwa kumepambazuka.

Ili uone jinsi watengenezaji wenyewe wanavyolifikiria jambo hili, chukua sheria ya Japani. Tangu Aprili 2020, kila modeli mpya ya gari la abiria kule lazima iwe na taa zinazojiwasha, na modeli za zamani zilizokuwa bado zinaundwa zikafuata Oktoba 2021. Mwanga ukishuka chini ya luksi 1,000, taa za dimu lazima ziwake ndani ya sekunde 2. Mwanga ukipita luksi 7,000, lazima zizimike, lakini si papo hapo: kuanzia sekunde 5 hadi sekunde 300. Kati ya viwango hivyo viwili mtengenezaji ana uhuru wake. Gari lako ni la kabla ya sheria hiyo, ila mantiki ni ile ile. Kuna mpaka wa kuwasha, mpaka mwingine wa kuzima ulio juu zaidi, na kusubiri katikati, ili taa zisichezecheze unapopita chini ya daraja. Angalia ukungu wetu wa elfu kadhaa unavyoangukia: humo humo katikati, pasipokuwa na ahadi yoyote. Na kwa yeyote anayefikiria kununua gari la mwaka 2020 au 2021 kutoka huko, ajue mapema kwamba mengi hayamruhusu dereva kuzima taa kabisa gari likiwa kwenye mwendo gizani. Limeundwa hivyo kwa makusudi.

Sasa tuje kwenye nyaya, maana najua utataka kujua kwa nini jamaa wa kwenye video alifaulu.

Kihisi cha aina hii kwa kawaida kina nyaya tatu: mmoja unaleta umeme, mmoja ni wa ardhi, na wa tatu unabeba ishara kwenda kwenye kompyuta. Huo wa tatu ndio anaoukata. Watu hudhani umeme wa taa kubwa unapita hapo. Hapana. Balbu mbili za halojeni za wati 55 kila moja zinavuta karibu ampea 9 au 10 kwa pamoja, na umeme huo unapita kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na nyaya nene. Waya wa ishara unabeba sehemu ndogo mno ya ampea moja, kwa hiyo ni mwembamba na ni mwepesi kudhurika. Isitoshe, ishara yenyewe haifanani kwa magari yote. Katika baadhi, ni volti inayopanda na kushuka kadiri mwanga unavyobadilika, na hapo rezista inaweza kweli kuidanganya kompyuta. Pengine gari la kwenye video ni la namna hiyo. Katika Toyota nyingi, ishara huenda kwa mapigo, umeme ukiwaka na kuzima haraka haraka, na kompyuta inasoma mwendo wa mapigo hayo. Rezista hapo ama haibadilishi kitu, ama inayaharibu mapigo hadi kompyuta isiyatambue. Katika magari mapya zaidi, ambayo kihisi kimebandikwa kwenye kioo nyuma ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, vifaa hivi vinazungumza kwa data, na ukiingiza rezista kwenye waya wa data utakuwa umeyakata mazungumzo.

Kompyuta ikikosa ishara inayoeleweka, haikai kimya. Katika Toyota nyingi itaandika msimbo B1244, wa hitilafu katika mzunguko wa kihisi cha mwanga, kisha inaamua yenyewe la kufanya. Kuna magari yatakayoacha kabisa kuwasha taa kwenye AUTO, na kuna yatakayoziwasha muda wote kwa tahadhari. Bado hilo ndilo tokeo jepesi. Kubwa ni mkono kuteleza: waya wa ishara ukigusana na waya wa volti 12 wakati unajaribu swichi yako, umeme huo unaingia moja kwa moja kwenye mlango wa kompyuta ambao haukuandaliwa kuupokea. Na kompyuta hiyo haishughulikii taa peke yake. Mara nyingi ndiyo inayofunga milango, kuendesha waipa, na katika magari kadhaa inashirikiana na mfumo wa kuutambua ufunguo. Rezista ya bei ya chai itakuwa imekupeleka kutafuta kompyuta iliyotumika, na mtu wa kuilinganisha na gari lako.

Kuna jingine ambalo sijaona video hizi zikilitaja, nalo linanisumbua kuliko yote. Ili ufikie nyaya za kihisi, utabandua plastiki ya juu ya dashibodi au ya nguzo iliyo kando ya kioo. Ndani ya dashibodi upande wa abiria kuna mfuko wa hewa, na katika magari mengi kuna mwingine wa pembeni unaopita kwenye nguzo hiyo hiyo. Soketi zake kwa kawaida ni za manjano. Kabla ya kubandua chochote hapo, betri hutenguliwa upande wa hasi, kisha husubiriwa. Toyota huagiza angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo huo huhifadhi umeme kidogo hata betri ikiwa imetoka. Plastiki ikirudishwa vibaya au waya ukibanwa nyuma yake, mfuko unaweza usifunguke siku unapohitajika. Familia yako inapanda gari hilo.

Basi ufanye nini kuhusu ukungu? Washa taa kwa mkono. Najua jibu hili linaonekana dogo mno kwa mtu aliyekwisha kununua vifaa, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa nini ndilo zito.

Mchana, ndani ya ukungu, taa ya mbele haikusaidii sana kuona. Kazi yake kubwa ni wewe kuonekana, na anayehitaji kukuona zaidi yuko nyuma. Unapopanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan na Mau Summit, umeshika foleni ya matrela yanayojikokota, wewe umepunguza mwendo, na nyuma yako kuna basi au matatu ambayo dereva wake anaifahamu barabara kiasi cha kuiendesha kwa mazoea. Taa zako za nyuma ndizo zitakazompa nafasi ya kukanyaga breki. AUTO ikiamua kuwa ni mchana, taa za nyuma nazo zimezimwa. Wenye magari yenye zile taa nyeupe za mchana ndio wanaoingia mtegoni zaidi: mbele kunang'aa, dashibodi inawaka kama kawaida, dereva anaamini ana taa, kumbe katika magari mengi taa hizo huwaka mbele tu na nyuma ni giza. Simama siku moja mahali salama, acha injini iungurume swichi ikiwa kwenye AUTO mchana, ushuke uzunguke nyuma ya gari. Utajua la kwako ni la aina gani.

Kwa hiyo ukifika Salgaa asubuhi, kabla hujaanza kupanda, zungusha swichi utoke AUTO uweke taa kubwa, kwenye dimu. Usiweke fulu, maana matone ya ukungu yanaurudisha mwanga wa fulu machoni pako na mbele kunageuka ukuta mweupe. Ziache zikiwaka hadi upite Burnt Forest, hata jua likijitokeza katikati, kwa sababu kule juu ukungu huja vipande vipande. Anayeelekea Kisumu naye afanye hivyo kuanzia Mau Summit hadi ateremke Kericho, na wa Nandi Hills anajua ninachosema. Swichi ya mkono ina nguvu juu ya AUTO. Uliyekuwa unamtafuta kwa rezista, yaani mtu wa kuamua taa ziwake lini, tayari yupo pembeni mwa usukani.

Tatizo la pili, taa kuwaka mchana mjini, lina sura mbili. Huenda hakuna kasoro yoyote: wingu ni zito, mwanga umeshuka, kihisi kimetii. Lakini ikiwa zinawaka hata jua likiwa kali na wewe uko barabarani pasipo na mti, kuna kitu kinakizibia mwanga. Nianze na kile ninachokikuta mara nyingi zaidi, zulia la manyoya juu ya dashibodi. Linapendeza, nakubali, lakini likisogea kidogo linakifunika kihisi. Kihisi chenyewe ni kifuniko kidogo cha duara chenye rangi ya kijivu cha kiza au cheusi, karibu na matundu ya kupulizia kioo. Kifute vumbi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, na usikipake ile dawa ya kung'arisha dashibodi. Kisha tazama kioo kilicho juu yake: stika ya bima, stika za zamani ambazo hazikubanduliwa, ukanda wa tinti ulioshushwa chini kupita kiasi. Ikiwa kioo cha mbele kilibadilishwa hivi karibuni, na kihisi chako ni cha kubandikwa kwenye kioo, huenda hakikukaa vizuri kwenye utando wake, na hilo linavuruga taa na waipa kwa pamoja.

Halafu fanya jaribio ambalo halihitaji hata bisibisi. Mchana, gari likiwa limesimama na injini ikiwaka, weka swichi kwenye AUTO. Funika kihisi kwa taulo nene. Taa zinapaswa kuwaka baada ya muda mfupi. Ondoa taulo, subiri. Zinapaswa kuzimika, ingawa huenda zikachukua muda. Usiku fanya kinyume chake: ukiwa barazani kwako, taa zikiwa zimewaka kwa AUTO, elekeza tochi yenye nguvu kwenye kihisi na uishikilie. Zikizimika, kihisi, nyaya na kompyuta vyote viko sawa, na hakuna cha kutengeneza. Angalia tu usikosee kifaa. Magari yenye kiyoyozi cha kujirekebisha yana kihisi kingine cha jua kinachofanana sana na hiki, na katika baadhi vyote viwili vimo kwenye kifuniko kimoja.

Mama wa nyumbani kwako mwambie asiwe na hofu ya betri. Injini ikizunguka, taa zinalishwa na altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, na altaneta ya gari dogo kwa kawaida ina uwezo wa ampea 70 hadi 100, wakati taa zako zote za dimu na za nyuma hazifiki 15. Hatari ya kweli ni kuziacha zikiwaka injini imezimwa: betri ndogo ya gari kama lako itaishiwa kwa saa chache. Hapo ndipo AUTO inapokufaa, kwa kuwa katika magari mengi inazizima yenyewe ukifunga gari. Na wanaokupigia taa mchana wanakutakia mema, wanadhani umesahau. Taa ya dimu iliyowaka mchana haimdhuru mtu. Sweden imewataka madereva wake wawe na taa mchana kutwa tangu 1977.

Ikiwa bado unataka kubadilisha kitu, kuna njia za haki ambazo hazigusi waya wa ishara.

Ya kwanza ni kurekebisha kiwango cha kihisi kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Toyota nyingi zina viwango 5 vya wepesi wa kihisi, na gari hutoka kiwandani likiwa katikati. Fundi mwenye mashine inayofaa hufanya hivyo bila kufungua hata parafujo moja, na hurudishwa wakati wowote. Kumbuka tu niliyokuambia juu ya mpaka mmoja: ukichagua taa ziwahi, zitawahi na mjini pia. Kwa safari zako mimi ningechagua ziwahi. Machweo yetu huku karibu na ikweta ni mafupi. Jua likishazama, dakika 20 hivi kumeshakuwa giza, na hakuna hasara taa zikitangulia.

Ya pili ni kipande kidogo cha tinti nyepesi juu ya kihisi cha kwenye dashibodi. Kinapunguza mwanga unaoingia, taa zinawahi, na siku usipokitaka unakibandua. Ni kazi ile ile aliyokuwa anaitafuta yule jamaa wa video, bila kukata kitu. Kama kifuniko hicho ni cha kiyoyozi pia, baridi inaweza kupungua kidogo kwa sababu gari litadhani jua si kali. Na kamwe usiweke kitu chochote kati ya kioo na kihisi cha mvua, maana hicho kinasoma mwanga unaorudi kutoka ndani ya kioo chenyewe.

Ya tatu ndiyo itakayokuridhisha mikono, na ndiyo ninayoipenda kwa mtu anayepanda Timboroa kila wiki: taa za ukungu za mbele, zilizofungwa chini kwenye bampa, zenye swichi yake. Vifaa vyako vitapata kazi. Tumia rilei ya kawaida ya nyayo nne, yaani pini nne zenye namba. Nyayo ya 30 inatoka kwenye betri kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa. Nyayo ya 87 inaenda kwenye taa. Nyayo ya 85 inaenda ardhini. Nyayo ya 86 inaenda kwenye swichi yako mpya, na swichi ipate umeme kutoka kwenye waya wa taa ndogo za kuegeshea. Hapo pana faida mbili: taa za ukungu hazitawaka bila taa za nyuma kuwaka, na ukizima taa zote nazo zinazimika. Kwa jozi ya wati 55 kila moja, fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita 2.5 za mraba vinatosha. Zielekeze chini, maana zikimulika macho ya anayekuja, umehamisha hatari kutoka kwako kwenda kwake, na ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, unaangalia taa. Kama hujawahi kufunga rilei, fanya ukiwa na fundi pembeni mara ya kwanza.

Kuna hali ambazo sitaki uzijaribu nyumbani kabisa. Jaribio la taulo likishindwa baada ya kusafisha; taa zikichezacheza barabara ikiwa na matuta; taa ya SRS, ya mfumo wa mifuko ya hewa, ikiwaka kwenye dashibodi; ukinusa plastiki inayoungua; au ukikuta dalili za maji kuingia kando ya kioo. Hapo nenda kwa fundi wa umeme wa magari, na umchague kwa kumtazama anavyoanza. Mwenye kujua kazi atachomeka mashine kwanza asome misimbo, atatafuta mchoro wa nyaya wa modeli yako, kisha atapima kwa multimita. Akichomoa tesita ya balbu na kuanza kuchoma waya mmoja mmoja wa kihisi atafute wenye umeme, mzuie kwa heshima. Balbu ile inavuta mkondo mkubwa kuliko mzunguko huo unavyoweza kustahimili, na kompyuta zimeharibiwa hivyo.

Na kama ulikuwa umeshakata waya kabla ya jibu hili kukufikia, usihangaike. Weka ufunguo mbali, tengua betri upande wa hasi na usubiri kama nilivyoeleza. Ondoa rezista na swichi zote. Unganisha ncha zile zile mbili za waya ule ule, zilehemu kwa risasi, na uzifunike kwa mpira unaonywea ukipashwa moto. Usizisokote tu na kuzifunga kwa tepu nyeusi, kwa kuwa gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la dashibodi na kiungo kitaachia ukiwa safarini. Rudisha betri, weka AUTO, rudia jaribio la taulo. Taa zikiitika lakini msimbo ukabaki kwenye kompyuta, fundi ataufuta kwa mashine. Zisipoitika, mpelekee gari pamoja na ile rezista, umwonyeshe ni waya upi ulioukata na uliugusisha na nini.